Mtu ameshafungwa pingu, kirungu cha nini tena?

Kijiwe_Namba_Tisa (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Huku Mbeya baridi ya mwezi huu hata chai inapoa kabla haijafika mdomoni.

Naandika nikiwa na hasira, nikiteleza mnivumilie. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anaendesha bajaji ya mtu. Wiki iliyopita, kama saa tatu usiku, alipakia abiria wawili mahali pasipo kituo. Kosa lake, sibishi. Askari wawili wakamsimamisha. Hapa niseme ukweli wote mapema ili mtu asije kunisuta baadaye: hakusimama. Alikuwa na faini mbili hajalipa, akaona bosi wake atamnyang'anya chombo, akavuta mafuta. Hakufika mbali. Bajaji yenye watu watatu haimkimbii mtu wa pikipiki. Wakamfikia kwenye kona, wakamshusha, wakamfunga pingu mikono nyuma.

Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Kakimbia, kakamatwa, ni kazi yao.

Kilichonileta ni kilichofuata. Akiwa na pingu, kapigishwa magoti kwenye changarawe, mmoja akamuuliza, "Ulikuwa unamkimbia nani?" Kabla hajafungua mdomo, kirungu. Akaulizwa tena, kirungu. Abiria wake mmoja ni mama muuza ndizi, alisimama na tenga lake mpaka mwisho kwa sababu hakuwa na usafiri mwingine. Anasema alihesabu sita akaacha kuhesabu. Mkono wa kushoto umevunjika juu kidogo ya kifundo.

Asubuhi tukamtoa kwa dhamana (ukutani imeandikwa dhamana ni bure, na mimi sisemi zaidi). Tukakimbilia hospitali. Dada wa dirishani akatazama mkono, akauliza, "Kaanguka au kapigwa?" Tukasema kapigwa. "Basi leteni PF3 kwanza."

PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, inatoka wapi? Kituoni. Kituo kipi? Kilekile. Nikarudi. Nyuma ya kaunta namkuta mmoja wa wale wawili, kalamu mkononi. Nikamwambia nimefuata PF3 ya ndugu yangu. Akanitazama kwa utulivu kabisa, akauliza: "Kapigwa na nani?"

Wakuu, ungekuwa wewe ungejibu nini?

Sitaji kituo wala hospitali. Sitafuti vita na mtu mmoja. Ninachouliza ni utaratibu gani huu, ambao aliyekupiga ndiye anayekuandikia cheti cha kwamba umepigwa.

---

Baridi_ya_Makete

Ungejibu "na wewe". Halafu mngekuwa wawili wa kutafutiwa PF3.

---

Mama_Parachichi

Pole sana mwanangu, na mgonjwa mpe pole. Huku kwetu Tukuyu tungesema ndaga, yaani ahsante, kwa kutuambia na la kukimbia. Wengi wangelificha.

---

Duka_la_Kona

Mimi nitasema kinyume, mnitukane tu.

Nina duka na uwakala wa miamala ya simu, mitaa ya pembeni mwa jiji. Nimevamiwa mara mbili. Mara ya pili waliingia vijana wanne na mapanga, saa mbili usiku, watu bado wanapita barabarani. Mke wangu ana kovu kuanzia hapa begani mpaka kwenye kiwiko. Waliokamatwa walikuwa wawili, na nilikuja kumkuta mmoja sokoni ananunua nyanya. Alinisalimia!

Sasa mtu kama mimi ukimwambia "polisi wapunguze nguvu" anasikia "wezi wapewe mapumziko". Polisi wakiwa laini sisi wenye maduka tutafanya nini? Tutafanya yale ambayo magazeti yanaandika "wananchi wenye hasira kali". Mnayajua. Tairi na petroli. Hapo hakuna PF3 wala wakili.

Bajaji aliyekimbia askari usiku, askari atajuaje kama si jambazi? Angesimama tu.

---

Kijiwe_Namba_Tisa

Kaka Duka, sikutukani, na pole kwa shemeji. Lakini umejibu swali ambalo sikuuliza.

Wale wa mapanga, polisi wakiwakuta na mapanga mkononi, sina neno hata wakitumia risasi kuokoa maisha ya mke wako. Mimi nimechora mstari mmoja tu, mstari wa pingu. Kabla ya pingu kuna mbio, kuna ubishi, kuna giza, askari naye ana watoto nyumbani, anaogopa. Baada ya pingu kuna mtu amepiga magoti. Hofu ya askari inatoka wapi hapo?

Na huyo uliyemkuta ananunua nyanya hakutoka kwa sababu hakupigwa virungu vya kutosha. Pengine kesi ilikosa ushahidi, pengine shahidi hakuitwa. Nimeuliza tu, je, mahakamani ulienda kutoa ushahidi?

---

Duka_la_Kona

Niliitwa mara mbili, kesi ikaahirishwa mara mbili. Mara ya tatu nilikuwa Tunduma kufuata mzigo.

Sawa. Hilo nakupa. Lingine bado sikupi.

---

Kamwene_Iringa

Kamwene wadau. Kwenye huu uzi hakuna aliyetaja Nyololo mpaka sasa, na sisi wa Iringa hatuwezi kuongelea jambo hili tukairuka.

Kwa vijana mliokuwa shule ya msingi: Septemba 2, 2012, kijiji cha Nyololo, wilaya ya Mufindi. CHADEMA walikuwa kwenye shughuli za chama, polisi wakaenda kuwatawanya. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, alikuwa kazini na kamera yake. Akazingirwa na askari, akapigwa, kisha bomu la machozi likafyatuliwa karibu kabisa na mwili wake. Akafa palepale. Bomu la machozi, wakuu. Kifaa ambacho kwa jina lake kinatakiwa kukutoa machozi, usogee, uende nyumbani.

Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati ule akaunda kamati chini ya Jaji mstaafu Ihema. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo ikachunguza kivyake. Kesi ilisikilizwa Mahakama Kuu hapa Iringa, na mwaka 2016 askari mmoja akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, miaka 15 jela.

Mmoja. Waliomzunguka kwenye ile picha mnakumbuka walikuwa wangapi.

Na nawaambia kwa nini hata huyo mmoja alipatikana. Ni kwa sababu ya ile picha. Waandishi wenzake walikuwepo, walipiga, magazeti yalitoa. Mdogo wake Kijiwe alikuwa na mama wa ndizi. Hiyo ndiyo tofauti yote.

---

Afande_Mstaafu

Nimeusoma uzi tangu asubuhi nikawa najizuia. Nimelitumikia Jeshi la Polisi miaka mingi, nimestaafu na cheo cha chini tu, Sajini, nina shamba langu la viazi na ng'ombe wawili. Sina cha kupoteza wala cha kupata.

Kwanza niseme, kijana wa bajaji ameonewa. Tukiwa depo, chuo cha polisi Moshi, tulifundishwa jambo hili mpaka likakaa kwenye mifupa: nguvu ni ya kumkamata mtu, si ya kumwadhibu. Kuadhibu ni kazi ya hakimu. Mkufunzi wetu mmoja alikuwa anatufunga pingu sisi wenyewe, halafu anatuambia tukimbie uwanja mzima. Unaanguka baada ya hatua kumi. Unainuka, unaanguka. Anatucheka, anasema, "Haya, huyo ndiye mtu mnayemwogopa?" Sijamsahau.

Pili, niwaambie kinachotokea kwenye damu ya askari, maana raia hamkioni. Ukimkimbiza mtu, hata kwa dakika tatu, moyo unapanda, masikio yanaziba. Unapomshika mwili wako bado unakimbia. Kirungu cha kwanza baada ya pingu mara nyingi si uamuzi, ni zile mbio ambazo hazijaisha. Sitetei. Ndiyo maana mnatakiwa kuwa wawili: mmoja anafunga, mwenzake anasema "basi". Kazi ya mwenzako ni hilo neno moja. Siku zangu nilikuwa na koplo mmoja mfupi, mkali kama pilipili kichaa, alikuwa akisema "basi" hata kama una cheo mara tatu yake unaacha. Kwenye kisa cha Kijiwe, hicho cha sita na zaidi hakina mbio ndani yake. Mbio zilikwisha kwenye cha pili. Hapo mwenzake alikuwa wapi?

Tatu, hili mtanipiga mawe. Askari wa kawaida analala kwenye kota ambayo baadhi yenu hamtafugia kuku, anaingia lindo la usiku bila chai, gari la kituo halina mafuta mpaka mlalamikaji achangie. Nchi inayomlisha mtu hivyo halafu inampa kirungu na usiku, isishangae sana. Ishangae kidogo.

Nne, PF3. Nitarudi kwenye PF3, ng'ombe wananiita.

---

Baridi_ya_Makete

"Isishangae sana. Ishangae kidogo." Mzee, hii naibandika kwenye friji. Sina friji, Makete yenyewe ndiyo friji.

---

Kahawa_Chungu

Mimi si wakili, ni msaidizi wa kisheria tu, nashinda kwenye ofisi za kata Mbozi nikisikiliza kesi za mipaka ya mashamba ya kahawa. Niweke sheria hapa kwa ufupi ili tubishane tukiwa na kitu mkononi.

Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(e), inakataza mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu ya kumdhalilisha. Haikusema "isipokuwa aliyekimbia". Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu askari kutumia nguvu kukamata, ila isizidi inayohitajika, na mtu aliyekamatwa asibanwe kuliko inavyotosha kumzuia asitoroke. Pingu nyuma kwa mtu aliyekimbia, sawa. Kirungu juu ya pingu kinazuia utoro gani? Aambiwe kosa lake, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, kama hakupewa dhamana ya polisi.

Sasa njia za kulalamika. Ndani ya polisi wenyewe unaanza na mkuu wa kituo, kisha OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, kisha Kamanda wa Mkoa. Nje ya polisi kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ipo kwenye Katiba, makao makuu Dodoma, kulalamika hulipi. Inachunguza na kupendekeza, haifungi mtu. Kama kuna rushwa, TAKUKURU, 113, kupiga ni bure. Na kama unataka fidia unaishtaki Serikali, lakini kabla ya hapo unatakiwa kuipa Serikali notisi ya siku 90, kisha shauri linaanzia Mahakama Kuu.

Siku 90. Mfupa wa mkono unaunga kwa wiki sita hadi nane. Yaani mkono utapona, plasta itatolewa, kijana atarudi kijiweni, na Serikali bado inasoma barua. Ndiyo maana ushahidi wa karatasi ni kila kitu, na ndiyo maana swali la Kijiwe kuhusu PF3 si la kulalama. Hiyo karatasi ndiyo mkono wenyewe mbele ya jaji.

---

Dereva_wa_Semi

Mimi naongezea la barabarani maana tunaongelea nguvu ya polisi, na nguvu si kirungu tu.

Natoka Dar na mzigo wa Tunduma. Kuanzia Makambako mpaka Mpemba nasimamishwa mara ngapi, niache kuhesabu kama yule mama wa ndizi. Mizani sawa, naelewa, barabara ni ya kodi yetu. Ila tochi, ile ya kupima mwendo! Askari kajificha nyuma ya mgomba, kibao cha 50 kimeng'olewa tangu mwaka juzi, kijiji chenyewe nyumba nne na mbuzi. Unatoka kwenye mteremko, breki zinanuka, umekutwa 57. Elfu thelathini. Ukiuliza kibao kiko wapi unaambiwa, "Unanifundisha kazi?"

Hiyo sauti ya "unanifundisha kazi" ndiyo kaka wa kirungu. Inaanzia hapo.

---

Mama_Parachichi

Dereva, lakini mlima Iwambi mnavyoshuka na malori yenu mnatuua. Tochi ya pale mimi nasema iongezwe. Nimeona bajaji imebanwa pale ukawa huwezi kujua kilikuwa chombo gani.

---

Dereva_wa_Semi

Iwambi ongeza mama. Hata mbili. Nazungumzia mgomba.

---

Teki_ya_Sokomatola

Tatizo la hii nchi dogo sana kulimaliza. Kila askari avae kamera kifuani. Wenzetu Marekani wanazo. Mjadala umefungwa, nani anabisha?

---

Kamwene_Iringa

Nabisha mimi. Waliomkamata George Floyd pale Minneapolis, Mei 25, 2020, walikuwa nazo kifuani, na goti likakaa shingoni zaidi ya dakika tisa. Naye alikuwa na pingu, mkumbuke. Taarifa ya kwanza ya polisi ilimwongelea kama mtu aliyepata tatizo la kiafya. Kilichogeuza kesi ni binti wa miaka 17 aliyepita na simu yake akarekodi mpaka mwisho. Askari yule alipata miaka 22 na nusu.

Kamera ya kifuani ni ya nani? Kadi anaitoa nani? Anayeizima ni nani? Utarudi kwenye kaunta ileile ya Kijiwe, safari hii unaomba video.

---

Teki_ya_Sokomatola

Basi raia warekodi.

---

Baridi_ya_Makete

Toa simu uone. Simu itapigwa mtama kabla yako.

---

Mwana_wa_Kabwe

Wakubwa, mimi 2011 nilikuwa na meza ya mitumba Mwanjelwa. Novemba ile. Wamachinga tuliambiwa tuondoke barabarani, tukakataa, siku mbili jiji likawa moshi. Mabomu ya machozi yalikuwa yanaingia mpaka vyumbani, bibi yetu tulimfunika khanga iliyoloweshwa maji. Matairi yanawaka kuanzia Kabwe. Nilirusha mawe, nakiri, nilikuwa na miaka kumi na tisa na akili za miaka kumi na tisa.

Unajua kilichotuliza? Si bomu. Kila bomu lilikuwa linaongeza watu, maana hata aliyekuwa ndani anapika alitoka nje kutafuta hewa, akitoka anaokota jiwe. Ilitulia mbunge wa wakati ule, Sugu, alipokuja akapewa nafasi ya kuongea na watu. Kipaza sauti kimoja. Watu wakakaa chini barabarani wakasikiliza, kisha wakaondoka, wengine wanaimba.

Siku mbili za mabomu, halafu mazungumzo ya muda mfupi. Mpaka leo najiuliza kwa nini hawakuanza na kipaza sauti.

Na kilichotuleta pale kilikuwa meza tu. Mahali pa kuweka meza. Mambo ya vitambulisho vya wamachinga vya elfu ishirini yalikuja baadaye sana, na kuhamishwa tena 2021, na mgambo hadi leo wanabeba mizani ya muuza nyanya kana kwamba ni bunduki. Ukiniuliza mimi, nusu ya virungu vya mji huu vinaanza na halmashauri iliyoshindwa kupanga mahali pa kuuzia. Kituo cha bajaji je? Huyo mdogo wake Kijiwe alipakia pasipo kituo. Haya, kituo kilicho karibu kiko wapi? Abiria ana mzigo wa ndizi, atembee nao hadi wapi?

---

Duka_la_Kona

Hapa umenigusa. Mbele ya duka langu bajaji zinapaki mpaka mlangoni, nawafukuza kila siku. Sijawahi kujiuliza wakiondoka wanakwenda wapi.

---

Afande_Mstaafu

Nimerudi. Ng'ombe wamekamuliwa.

Kabla ya PF3, mtu mmoja kaniuliza pembeni kwa nini sisi tunaitwa Jeshi. Mwingereza aliianzisha polisi ya Tanganyika mwaka 1919, makao makuu yakiwa Lushoto, na hakuianzisha ili imsindikize bibi kuvuka barabara. Aliianzisha itulize wenyeji. Kwao London walikuwa na polisi tangu 1829, sare ya buluu ili wasifanane na wanajeshi, na wa doria hawabebi bunduki mpaka leo. Huku alileta aina nyingine. Sisi tuliirithi ikiwa na jina na mwendo wake. Ile Tume ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, iliyoundwa Januari 2023 na kukabidhi ripoti Julai mwaka huohuo, ilipendekeza Jeshi libadilishwe liwe Huduma ya Polisi. Wenzangu kijiweni walicheka: "Tutakuwa tunahudumia chai?" Mimi sikucheka. Jina halimzuii mtu kirungu, lakini kuruta anayeingia "Huduma" atauliza swali tofauti siku ya kwanza.

Haya, PF3. Wengi mnaiona kama kibali cha matibabu. Siyo kazi yake. Ni karatasi ya ushahidi. Ina sehemu ya polisi na sehemu ya daktari. Juu askari anaandika jina la majeruhi na maelezo ya tukio. Chini daktari anaandika alichokiona: jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, kifaa gani pengine kimetumika, na anatia sahihi na mhuri. Ile ya juu ni maneno ya mtu. Ya chini ni mwili unasema.

Kijiwe, nikushauri kama mwanangu. Usirudi peke yako na usibishane kaunta. Nenda na mwenyekiti wa mtaa, na mama wa ndizi kama atakubali, mwambie avae kawaida asivae kama anakwenda harusini. Omba kuonana na mkuu wa kituo, asubuhi, kabla ya makabidhiano ya zamu kuisha, maana muda huo yupo na watu ni wengi. Sema "majeruhi alikuwa mikononi mwa polisi". Usitaje jina la askari hapo kwenye kaunta, jina utalitaja kwenye maelezo yako ya maandishi. Omba RB, namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Ukipewa karatasi, isome kabla hujatoka. Isome.

Kuhusu nani aitoe, mimi nasema wazi: pale ambapo anayelalamikiwa ni askari, PF3 ya kituo kile haifai. Itoke kwa kituo kingine au kwa mtendaji wa kata, au hospitali zenyewe zipewe kitabu. Niliwahi kulisema kikaoni nikiwa kazini. Niliambiwa nikae.

---

Duka_la_Kona

Afande, swali la kweli, si la kejeli. Tukiwapa hospitali kitabu cha PF3, mwizi aliyekatwa na panga la mwenzake wakigawana mali si atatibiwa kimya kimya na polisi hawatajua?

---

Afande_Mstaafu

Swali zuri. Ndiyo sababu iliwekwa hivyo tangu mwanzo, ili majeraha ya uhalifu yasifichwe. Hospitali itoe, nakala iende polisi siku ileile. Mwizi hatafichwa. Atakayeshindwa kujificha zaidi ni sisi.

---

Msimamizi_wa_Jukwaa

Nimefuta koment tatu zilizotaja majina ya askari na moja yenye picha ya majeruhi. Jadilini hoja. Vyama vya siasa vina jukwaa lake.

---

Kahawa_Chungu

Naunga mkono hoja ya Afande, na Kenya pale jirani wamekwenda mbali zaidi, tangu 2011 wana chombo cha raia cha kusimamia polisi, IPOA. Kina mamlaka ya kuchunguza kifo au majeraha mabaya yaliyosababishwa na askari. Hakijamaliza tatizo, Wakenya wenyewe watakwambia. Lakini angalau mlalamikaji ana mlango ambao aliyempiga hajakaa nyuma yake.

---

Kijiwe_Namba_Tisa

Mrejesho, wakuu. Nimekaa kimya siku nne.

Tulikwenda jana asubuhi: mimi, mwenyekiti wa mtaa, mgonjwa na mama wa ndizi. Mama alikuja na tenga lake, alisema akitoka pale anapitiliza sokoni, siku haimsubiri. Mkuu wa kituo alitupokea vizuri, hilo niseme. Alimsikiliza mama mpaka mwisho. Mama hakulia wala hakupaza sauti, alieleza tu kama anavyoeleza bei. Alipofika kwenye "nikahesabu sita", mkuu wa kituo akaacha kuandika.

Maelezo yetu yamechukuliwa. RB tunayo. Ameahidi kulipeleka kwa wakubwa wake, sijui, tutaona. Bajaji tumerudishiwa, betri haimo. Bosi wake amempa mtu mwingine chombo, kwa hiyo kijana yupo nyumbani anajifunza kuvaa shati kwa mkono mmoja. Faini zake mbili nimezilipa mimi, elfu kumi kumi. Elfu ishirini, wakuu. Hicho ndicho alichokuwa anakikimbia.

PF3 tumepewa, ila si na mkuu wa kituo, yeye aliagiza tu ikaandikwe kaunta. Nilikumbuka neno la Afande, nikaisoma palepale mlangoni. Kwenye maelezo ya tukio wameandika: "Aliumia baada ya kuanguka na bajaji." Nikataka kurudi ndani. Mwenyekiti akanishika mkono, akasema twende hospitali kwanza mkono unavimba, ya kaunta yatasubiri.

Hospitali tumekuta daktari kijana tu, nadhani hajamaliza hata mwaka kazini. Akasoma sehemu ya juu. Akamtazama mgonjwa, akamgeuza, akainua shati mgongoni. Hakuuliza kitu. Akakaa, akaandika kwa muda mrefu, halafu akagonga mhuri. Nimeisoma kwenye daladala tukirudi. Kwenye kifaa kilichotumika ameandika: "Kitu butu, kirefu. Majeraha yanalingana na kupigwa zaidi ya mara tano. Hakuna michubuko ya kuburuzika."

Karatasi moja, miandiko miwili. Ninayo hapa mezani. Kesho natakiwa kuirudisha kituoni.

---

Afande_Mstaafu

Umetoa kopi?

---

Kijiwe_Namba_Tisa

Bado mzee, stationari zimefungwa.

---

Afande_Mstaafu

Piga picha kwa simu sasa hivi, mbele na nyuma, mtumie mwenyekiti. Asubuhi saa moja uwe mlangoni kwa watu wa kopi. Toa tatu. Halafu ndiyo uende kaunta.